Namna ya kupima uhamaji katika mkoa, wilaya au kata yako

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Mkoa wa Pwani nchini Tanzania ulitoka watu 1,098,668 ukafika 2,024,947. Huo ni ukuaji wa asilimia 6.1 kwa mwaka. Katika miaka hiyo hiyo Dar es Salaam, jiji ambalo kila mtu husema linafurika, lilikua kwa asilimia 2.1 tu, chini ya taifa zima lililokua kwa asilimia 3.2. Anayesoma namba hizi juu juu atasema watu wanaikimbia Dar. Atakuwa amekosea, na kosa lake litamfikisha mbali: ataomba madarasa mahali pasipo watoto, na kusahau maji mahali palipojaa wapangaji wapya.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa jiografia, ofisa mipango wa halmashauri, mwandishi wa habari, au mwenyekiti wa mtaa anayetaka kujua kwa hakika kama watu wanaingia kwake au wanatoka, ni akina nani, na wanakwenda wapi. Hatua za kwanza zinafanyika mezani kwa siku mbili. Ile ya nyumba kwa nyumba inahitaji kama wiki mbili kwa mtaa mmoja ukiwa na wasaidizi wanne. Unahitaji majedwali ya sensa ya 2012 na 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu (kwa Zanzibar, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali), na kompyuta yenye programu ya majedwali au hata kalkuleta yenye kitufe cha "ln" (logariti asilia).

Kwanza, linganisha mipaka

Usipige hesabu yoyote kabla ya kuhakikisha kwamba eneo la 2012 na la 2022 ni lile lile. Kosa hili ndilo linaloharibu ripoti nyingi kuliko mengine yote, na halionekani kwa macho kwa sababu jina la mkoa halijabadilika.

Chukua Mbeya. Sensa ya 2012 iliuhesabia watu 2,707,410. Ya 2022 iliuhesabia 2,343,754. Ukiziweka namba hizo bega kwa bega, unaona mkoa uliopoteza zaidi ya watu laki tatu na nusu. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Rudisha watu 1,344,687 wa Songwe kwenye hesabu ya 2022 upate 3,688,441, na ukuaji unakuwa asilimia 3.1 kwa mwaka, karibu sawa na nchi nzima. Hakuna aliyekimbia.

Katika ngazi ya wilaya na halmashauri hali ni ngumu zaidi. Ubungo ilitoka Kinondoni, Kigamboni ikatoka Temeke, Kibiti ikatoka Rufiji, Chalinze ikatoka Bagamoyo. Kata zimegawanywa kwa mamia. Anayerudi nyuma hadi sensa ya 2002 akumbuke pia kwamba Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilizaliwa mwaka 2012. Dawa yake ni moja: andika orodha ya kata zote za 2022, mbele ya kila moja andika kata mama ya 2012, kisha jumlisha vipande hadi urudi kwenye eneo la zamani. Daima jumlisha vipya kurudi kwenye vya zamani. Ukijaribu kuigawa namba ya zamani ili ilingane na mipaka mipya utakuwa unabuni.

Na tumia namba za utambulisho za kata, usitegemee majina. Kata inayoitwa Majengo ipo katika miji mingi, na jina moja linaweza kuandikwa kwa namna mbili katika majedwali mawili.

Hesabu ya haraka

Kiwango cha ukuaji kwa mwaka hupatikana hivi: gawanya idadi ya 2022 kwa ya 2012, bonyeza ln, gawanya kwa 10, zidisha kwa 100. Kwenye programu ya majedwali, kama 2012 iko A2 na 2022 iko B2, andika =LN(B2/A2)/10*100. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia 26 Agosti mwaka 2012 na wa kuamkia 23 Agosti mwaka 2022, hivyo miaka kumi kasoro siku tatu, na siku hizo haziathiri kitu.

Sasa jiulize: kama mkoa huu ungekua kama taifa, mwaka 2022 ungekuwa na watu wangapi? Taifa lilitoka 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani lilizidishwa kwa 1.3742. Zidisha idadi ya 2012 ya mkoa wako kwa namba hiyo upate matarajio, kisha toa matarajio kwenye idadi halisi ya 2022. Kinachobaki ndicho makadirio ya kwanza ya baki la uhamaji: waliohamia kutoa waliohama.

Pwani: matarajio ni 1,509,790, waliohesabiwa ni 2,024,947. Baki ni watu 515,157 zaidi.

Dar es Salaam: matarajio ni 5,997,752, waliohesabiwa ni 5,383,728. Baki ni pungufu 614,024.

Kilimanjaro: kutoka 1,640,087 hadi 1,861,934, ukuaji wa asilimia 1.3. Matarajio ni 2,253,808. Pungufu 391,874.

Kabla hujaamini namba hizo, ziunganishe Pwani na Dar kana kwamba ni mkoa mmoja. Pungufu la 614,024 linakutana na ziada ya 515,157, na linabaki pungufu la watu 98,867 tu katika watu zaidi ya milioni saba. Jiji halikupungua. Lilivuka mpaka wake wa utawala, likaenda Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, ambako kiwanja kinapatikana kwa bei ambayo mwalimu au dereva anaweza kuilipa kidogo kidogo, na barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa. Mtu amehama mkoa bila kubadilisha kazi, soko wala hospitali. Kwa hiyo kila unapopima mji mkubwa, pima pamoja na wilaya zinazoupakana, kisha upime tena kila moja peke yake. Ukifanya moja tu kati ya hayo mawili utapata nusu ya habari.

Ondoa uzazi

Hesabu ya haraka ina dhana moja nzito ndani yake: kwamba watu wa mkoa wako wanazaa na kufa kwa kiwango kile kile cha taifa. Mara nyingi si hivyo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, mjini 3.6, kijijini 5.5. Dar yote ni mji. Ukiitarajia izae kama taifa, unaidai watoto ambao hawakuwahi kuzaliwa, kisha unawahesabu kama watu waliohama.

Ukubwa wa kosa hili unashangaza. Tuseme ongezeko la asili la Dar, yaani vizazi kutoa vifo, liko chini ya ukuaji wa taifa kwa nusu ya asilimia tu kwa mwaka. Kwa miaka kumi, nusu hiyo inafuta watu wapatao 292,000 kwenye lile pungufu la 614,024. Ikiwa tofauti ni asilimia moja kamili, zinafutika 571,000, na pungufu lote karibu linakwisha. Kilimanjaro nayo ina uzazi mdogo, ingawa watu wake kweli wanahama; huko hesabu ya haraka inakuza jambo lililopo. Geita, iliyotoka 1,739,530 hadi 2,977,608, iko upande wa pili: dhahabu inavuta watu, lakini Kanda ya Ziwa pia inazaa sana, na sehemu ya ziada yake ililala kwenye vitanda vya wazazi, haikushuka kwenye basi.

Kipimo rahisi cha kukuonya: kwenye jedwali la umri, gawanya watoto wa miaka 0 hadi 4 kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, kwa mkoa wako na kwa taifa. Ikiwa uwiano wako uko mbali na wa taifa, usichapishe baki la haraka peke yake. Nenda hatua inayofuata.

Usijaribu njia ya mkato ya vyeti vya kuzaliwa. Usajili wa vizazi na vifo haujakamilika, na daftari la wodi ya wazazi linaandika mahali mtoto alipozaliwa, huku mama wa Kisarawe akiwa amejifungulia Muhimbili.

Jambo jingine la kukumbuka: ukuaji wa taifa ulipanda kutoka asilimia 2.7 (2002 hadi 2012) kufika 3.2, wakati uzazi ulikuwa unashuka. Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi, na kwa maoni yetu inawezekana sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliokuwepo zamani ila hawakufikiwa 2012. Ikiwa mkoa wako una maeneo magumu kufikika, andika tahadhari hiyo.

Fuata rika moja

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote za mezani, kwa sababu uzazi hauigusi kabisa. Aliyekuwa na miaka 10 hadi 14 mwaka 2012 ana miaka 20 hadi 24 mwaka 2022. Hakuna anayeweza kuzaliwa akiwa na miaka ishirini. Rika hilo linaweza kupungua kwa kifo au kwa kuhama, na kuongezeka kwa kuhamia tu.

Fanya hivi. Chukua kutoka jedwali la taifa idadi ya wenye miaka 20 hadi 24 mwaka 2022, gawanya kwa wenye miaka 10 hadi 14 mwaka 2012. Huo ni uwiano wa kubaki. Fanya hivyo kwa kila kundi la miaka mitano, wanaume mbali na wanawake mbali. Kisha zidisha rika la wilaya yako la 2012 kwa uwiano huo upate matarajio, na utoe.

Tuseme, kwa namba za mfano, wilaya ilikuwa na wasichana 12,000 wa miaka 10 hadi 14, na uwiano wa kubaki ni 0.97. Ulitarajia kuwakuta 11,640 wakiwa na miaka 20 hadi 24. Umewakuta 7,900. Wameondoka 3,740, sawa na asilimia 32 ya matarajio. Wavulana nao walikuwa 12,000, uwiano 0.95, matarajio 11,400, umewakuta 9,300: pungufu 2,100, asilimia 18. Tayari unajua kitu ambacho jumla ya wilaya isingekuambia kamwe, kwamba wasichana wanaondoka mapema na kwa wingi kuliko kaka zao, na maswali yako ya nyumbani yaanzie hapo: kazi za ndani, ndoa, viwanda, shule za bweni.

Mambo manne hupotosha njia hii. La kwanza ni umri wa kukadiria. Watu hupenda kutaja miaka inayoishia na 0 au 5, hivyo mwenye 19 anakuwa 20 na kuhama kundi akiwa amekaa kwake. Ukiona makundi mawili jirani yanapishana vibaya, moja limejaa na jingine limekauka, yaunganishe kuwa kundi la miaka kumi. La pili, uwiano wa taifa unaweza kuzidi 1. Usishtuke wala usiurekebishe kwa mkono. Umebeba makosa ya sensa zote mbili, na makosa hayo hayo yamo kwenye wilaya yako, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa yanafutana. La tatu, taasisi. Kata yenye chuo kikuu, kambi ya jeshi, gereza au mgodi itaonekana inavuta vijana hata kama hakuna hata mmoja anayejenga hapo. Dodoma, kwa mfano, angalia kata za chuo kikuu kabla hujasifia uhamisho wa makao makuu. La nne, wazee. Kuanzia miaka 60 vifo vinatofautiana sana kati ya sehemu na sehemu, kwa hiyo pungufu la wazee lisome kwa mashaka.

Kumbuka pia kwamba sensa yetu inamhesabu mtu mahali alipolala usiku ule. Watu husema kwa utani kwamba Wachagga hurudi nyumbani Desemba "kuhesabiwa", lakini sensa iko Agosti, na Agosti huwakuta Dar, Arusha na kwingineko. Nyumba ya kihamba (shamba la ukoo la Wachagga) yenye sebule nzuri na mlinzi mmoja inaingia kwenye jedwali kama kaya ya mtu mmoja. Wavuvi walioko dago (kambi ya muda ya uvuvi), wafugaji waliosogeza ng'ombe, vibarua wa korosho: wote huhesabiwa walipokutwa.

Nyumba kwa nyumba

Majedwali yanakuambia wangapi. Hayakuambii kutoka wapi, kwa nini, wala kama watabaki. Kwa hayo utabisha hodi.

Anza na ruhusa, kwa mpangilio: barua ya chuo au taasisi yako kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Mtaa au Kijiji. Zanzibar, usimpite sheha. Ukiruka ngazi moja, kazi itasimama siku ya pili. Mjumbe wa eneo akutembeze siku ya kwanza ili watu wakuone naye, lakini asikae ndani wakati wa mahojiano. Mpangaji asiye na mkataba hatasema ukweli mbele yake.

Amua mapema ni nani unamwita mhamiaji. Tunashauri: aliyevuka mpaka wa wilaya, na ameishi hapa miezi sita au zaidi au anakusudia kuishi. Kwa mtaa unaopakana na wilaya nyingine, ongeza safu ya waliovuka mpaka wa kata. Chochote utakachochagua, kiandike juu ya dodoso, na kila msaidizi akijue kwa moyo.

Ukubwa wa sampuli. Kwa kosa la asilimia 5 pande zote mbili unahitaji kaya 384 ikiwa eneo ni kubwa sana. Kwa mtaa wa kaya 1,280, punguza: 384 gawanya kwa (1 + 383/1,280), unapata 296. Ongeza kaya 24 za kufidia watakaokataa na wasiokuwepo, zinakuwa 320, yaani kila kaya ya nne. Chora namba kati ya 1 na 4 kwa bahati nasibu uanzie hapo.

Neno ni kaya, si nyumba, na hapa ndipo utafiti mwingi wa mijini unapoharibika. Nyumba moja ya Mbagala au Manzese inaweza kuwa na vyumba vinane, kaya saba, na mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Msaidizi aliyechoka huongea na mwenye nyumba, ambaye amekaa pale miaka thelathini, na kuandika "nyumba imekamilika". Wahamiaji wote walikuwa vyumba vya nyuma. Kwa hiyo orodhesha kwanza kaya zote za mtaa, mlango kwa mlango, ndipo uhesabu kila ya nne. Na nenda jioni au Jumapili, kwa sababu mpangaji mgeni ndiye anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Rudi mara tatu kabla ya kuandika "hayupo". Vijijini epuka msimu wa kulima, watu wanapohamia mashambani, na pwani uliza kwanza wavuvi wanarudi lini.

Maswali yenyewe yasizidi dakika ishirini. Msalimu mtu kama kawaida, shikamoo kwa anayestahili, mama, baba, dada, kaka, eleza kazi yako, kisha:

1. Mama yako alikuwa anaishi wilaya gani ulipozaliwa?
2. Ulianza kuishi hapa mwaka gani? Kabla ya hapo uliishi wapi, na pale palikuwa mjini au kijijini?
3. Mwezi mmoja kabla hujahama ulikuwa unafanya nini?
4. Ulipofika hapa ulilala kwa nani usiku wa kwanza? Nauli ilitoka kwa nani?
5. Una kiwanja, shamba au nyumba hapa? Na kule ulikotoka?
6. Nani waliishi katika kaya hii baada ya Agosti 2022 na sasa wanaishi kwingine? (Umri, jinsia, walikoenda, mwaka.)
7. Mara ya mwisho kutuma au kupokea pesa za ndugu ilikuwa lini, na kiasi gani?

Kila swali limeundwa hivyo kwa sababu. La kwanza halisemi "kwenu wapi", maana mtoto aliyezaliwa Temeke atakujibu "kwetu Kigoma" bila kusita. Kwetu ni asili ya ukoo. Wala halisemi "ulizaliwa wapi" kavu kavu, kwa kuwa mimba ya kwanza mara nyingi hupelekwa kwa bibi, na mtoto anahesabiwa mhamiaji kwa sababu ya safari ya miezi miwili ya mama yake.

La tatu na la nne linachukua nafasi ya "kwa nini ulihama?". Uliza hilo na watu tisa kati ya kumi watakuambia "kutafuta maisha". Ni jibu la kweli na halina matumizi. Lakini mtu aliyesema mwezi mmoja kabla alikuwa anauguza, au alikuwa amemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa, au alikuwa analima shamba lililogawanywa mara nne kati ya ndugu, ameeleza sababu bila kuulizwa. Na aliyelala kwa binamu usiku wa kwanza amekuonyesha mnyororo unaoleta watu. Ukikuta kaya kumi na tano za kijiji kimoja katika mtaa mmoja, mnyororo huo unaeleza zaidi kuliko mshahara wowote.

La pili husumbua kwa miaka. Kwa mtu asiyekumbuka, tumia matukio: kabla au baada ya uchaguzi wa 2015, corona, kifo cha Rais Magufuli (Machi 2021). Kwa wazee: Operesheni Vijiji, vita vya Kagera, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Tengeneza karatasi ya matukio ya eneo lenyewe pia, kama mwaka shule ilipofunguliwa au daraja lilipojengwa.

La sita lina shimo kubwa ambalo lazima ulijue. Linakamata aliyeacha ndugu nyuma. Kaya iliyohama yote haina wa kuijibia. Kwa hiyo, wakati wa kuorodhesha milango, hesabu nyumba tupu na uulize majirani wawili, kila mmoja peke yake: waliokuwa hapa walikwenda wapi, lini, walikuwa wangapi? Bila hatua hii kijiji kinachokimbiwa kitaonekana tulivu.

Katika swali la saba, "mara ya mwisho" hujibika. "Kwa mwezi unatuma kiasi gani" huleta namba ya heshima.

Mikoa ya mpakani inahitaji uangalifu wa pekee. Kigoma, Kagera na Katavi, swali la mahali pa kuzaliwa linaweza kusikika kama swali la uraia. Katavi ndiyo ilikua kuliko mikoa mingine mingi, kutoka 564,604 hadi 1,152,958, na ndani yake kuna makazi ya Katumba na Mishamo ya familia za Kirundi zilizokuja 1972, ambazo nyingi zilipewa uraia mwaka 2014. Watu hawa wana sababu ya kuogopa daftari. Usiombe kitambulisho. Usiandike jina. Tumia namba ya kaya, na karatasi inayounganisha namba na mlango ichomwe kazi ikiisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyekuamini anastahili hilo.

Mishale na majedwali

Panga majibu kwenye jedwali la mraba: mistari ni walikotoka, safu ni waliko. Usitoe baki tu. Kata iliyopokea watu 400 na kupoteza 380 ina baki la 20, sawa na kata iliyopokea 25 na kupoteza 5, ila ni sehemu mbili tofauti kabisa. Gawanya baki kwa jumla ya waliosogea: ya kwanza ni 20 kwa 780, chini ya asilimia 3, ya pili ni 20 kwa 30, asilimia 67. Ya kwanza ni stendi, ya pili inajengwa.

Ramani chora kwa QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure. Mishale isizidi kumi, unene kulingana na idadi. Ukiweka yote utapata utando wa buibui. Paka rangi kwa kiwango, siyo kwa idadi, la sivyo wilaya kubwa itameza macho ya msomaji.

Kuandika matokeo

Chini ya kila namba andika vitu vinne: kipindi, mipaka iliyotumika, njia, na nani aliitwa mhamiaji. Toa makadirio ya njia mbili ukiweza, na zikipishana, ziweke zote na useme ipi unaiamini na kwa nini. Namba za kaya zisizofika tano ziunganishe na kundi jingine. Katika kijiji kidogo, "mjane mmoja kutoka Ngara" tayari ana jina.

Geuza watu kuwa mahitaji kabla ya kwenda kwa mkurugenzi. Ziada ya 515,157 ya Pwani, kwa wastani wa taifa wa watu 4.3 kwa kaya, ni kaya kama 120,000. Kisha tumia umri kutoka hesabu ya rika: wakiwa wengi ni wa miaka 25 hadi 39, andaa wodi ya wazazi leo na darasa la awali baada ya miaka mitano. Wakiwa ni wanaume peke yao, kama kwenye machimbo mapya, maji na vyoo vinatangulia.

Nakala moja ya jedwali ibaki ofisi ya mtaa, imechapishwa kwa Kiswahili, bila taarifa za kaya moja moja. Sensa inayofuata ikija, atakayekaa kwenye kiti hicho atahitaji orodha yako ya kata mama na kata zilizozaliwa kuliko kitu kingine chochote ulichoandika.